Damu Ikivilia Juu ya Betri ya Moyo

Mgonjwa aliyetiwa kifaa cha moyo anaporudi nyumbani, wageni humuuliza habari za moyo. Wadunda vizuri? Kizunguzungu kimekwisha? Ni maswali ya haki, maana moyo ndio uliompeleka hospitalini. Lakini katika wiki za mwanzo, aghalabu, moyo umekwisha kutulia, na taabu imehamia mahali pengine: chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, palipokatwa ngozi, pakafunguliwa kifuko kidogo, na kifaa kikalazwa humo.

Makala haya yahusu kifuko hicho, na hasa jambo moja linaloweza kukipata na kuleta maumivu makali pamoja na hofu nyumba nzima, nalo ni damu kuvilia ndani yake. Tumeona vyema tuliandike kwa urefu kwa sababu katika miji yetu ya pwani mgonjwa haachwi peke yake hata saa moja, na kila ajaye kumjulia hali huja na dawa yake. Mapenzi hayo ni neema kubwa. Juu ya uvimbe wa aina hii, hata hivyo, yanaweza kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwanza, kifaa. Watu wetu hukiita betri ya moyo, na jina hilo si baya. Ni kidude cha madini ya titani kinachoenea katika kiganja, ndani yake mna betri na mtambo mdogo wa kusikiliza mapigo. Kutoka kwake hupita waya laini mmoja, miwili au mitatu, ndani ya mshipa mkubwa ulio nyuma ya mtulinga, hadi katika vyumba vya moyo. Moyo ukisita, kifaa hutoa chembe ya umeme ambayo kwa kawaida mwenyewe haihisi, na moyo hupiga. Ipo aina nyingine, kubwa kidogo, inayoupa moyo mshtuko wa nguvu unapokwenda mbio za kuhatarisha maisha. Hiyo ilitiwa mwilini mwa mtu kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1980, huko Baltimore, Marekani. Zote mbili kwa kawaida hulazwa mahali hapo hapo, na tutakayosema juu ya kidonda yazihusu zote.

Mtu wa kwanza kutiwa betri ya moyo ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku, na mkewe Else-Marie hakuwapa raha daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka walipokubali kujaribu kitu ambacho hakijapata kufanywa. Kifaa cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikaharibika, akatiwa cha pili. Aliishi mpaka mwaka 2001, akafa akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Daktari na mhandisi wake wote wawili walitangulia kufa. Tunaikumbusha habari hii kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mwenye betri ya moyo anahesabiwa siku zake.

Sasa tuje kwetu. Bi mkubwa mmoja wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 68, ametupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata, kwa sharti tusimtaje jina wala hospitali yake. Alikuwa akianguka ghafla, mara jikoni, mara uani, na alipopimwa ikaonekana moyo wake wapiga chini ya mara 40 kwa dakika. Alitiwa kifaa Nairobi, upasuaji ukaenda salama, akarudi nyumbani. Jambo moja ni muhimu kulijua: kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini, kwa kuwa mapigo ya moyo wake hayakuwa na utaratibu.

Siku ya nne akaona dera halimkai sawa kifuani. Kufikia alasiri uvimbe ulikuwa kama embe ngowe, ngozi imekaza na kung'aa, rangi ya zambarau iliyokoza imetambaa hadi kwapani na kwenye titi. Maumivu, asema, yalikuwa ya kusukuma kutoka ndani. Hakuweza kulala upande wowote, na kila alipokohoa alishika mdomo kwa khofu kwamba mshono utafumuka.

Nyumba ikajaa. Wifi yake akapasha mafuta ya simsim amkande. Jirani akashauri aitwe mpiga chuku, hiyo damu chafu itolewe. Kijana mmoja wa ukoo, anayefanya kazi katika duka la dawa, akasema ni jambo dogo, sindano moja tu na uvimbe utakwisha.

Binti yake akasimama mbele ya kitanda. "Mama hagusiki hapa mpaka nipige simu."

"Wewe mwanangu," wifi akamwambia, "sisi tumewauguza wazee kabla wewe hujazaliwa."

"Ni kweli, shangazi, na mimi mwenyewe ni katika mliowalea. Lakini chini ya ngozi hii pana kitu ambacho wazee wetu hawakuwa nacho."

Muuguzi aliyepokea simu alisema wasikande, wasidunge, wasipashe moto, mgonjwa asiache dawa wala asiiongeze kwa shauri lake mwenyewe, na aletwe kwa daktari wa moyo aliye karibu siku hiyo hiyo.

Kwa nini amri ile ilikuwa kali kiasi hicho? Tuangalie kilichomo ndani ya uvimbe. Ngozi na nyama zikifunguliwa ili kukitengenezea kifaa nafasi, mishipa midogo hukatwa. Daktari huizuia kuvuja, lakini kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aspirini pamoja na klopidogreli kama wanavyopewa wengi waliozibuliwa mishipa ya moyo, tone moja moja laweza kuendelea kutoka kwa siku kadhaa. Damu hiyo haina pa kwenda. Hujaa kifukoni kukizunguka kifaa, na sehemu yake huganda ikawa kama vipande vya ini. Sindano haivuti vipande vya ini. Itavuta maji machache mekundu, uvimbe utabaki pale pale, na njiani itakuwa imepita katika ngozi, ambako vijidudu huishi wakati wote hata ngozi ya mtu aliye safi kabisa, ikawapeleka hadi kwenye chuma.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kijidudu kikiingia katika nyama ya mwili, damu hukifuata na kukipiga vita, na dawa hukifikia. Kikikaa juu ya chuma au juu ya mpira wa waya, hujifunika utando kama utelezi wa mawe ya pwani, na chini ya utando ule dawa za kuua vijidudu hazikiwezi. Ndiyo sababu kifuko kikishaambukizwa matibabu yanayopendekezwa ni kuondoa kila kitu, kifaa pamoja na nyaya zake zote, kumpa mgonjwa dawa kwa wiki kadhaa, kisha kutia kifaa kipya upande wa pili wa kifua. Na nyaya zilizokaa mwaka mmoja au zaidi huwa zimeshikamana na kuta za mshipa na moyo. Kuzitoa ni kazi ya wataalamu wachache, na ni upasuaji mzito kuliko ule wa kuziingiza.

Damu iliyovilia, hata bila ya kuguswa na mtu, hurahisisha njia hiyo. Watafiti wa Canada waliwafuatilia wagonjwa waliotiwa vifaa hivi, na mwaka 2016 wakatoa hesabu: katika wale waliovilia damu nyingi, wapatao 11 kwa kila 100 walipata maambukizi mazito ndani ya mwaka mmoja, katika wasiovilia hawakufika 2. Aisomaye hesabu hii vizuri ataona pia kwamba 89 kati ya 100 walisalimika. Damu kuvilia ni onyo, na onyo lina thamani kwa anayelizingatia.

Watafiti hao hao, mwaka 2013, walikuwa wamekwisha kutoa jawabu la swali jingine ambalo familia nyingi hulikata zenyewe usiku wa kuamkia upasuaji: je, mgonjwa aache warfarini? Desturi ya zamani ilikuwa kuiacha na kumdunga mgonjwa sindano za heparini badala yake. Ikaonekana kwamba katika waliofanyiwa hivyo, 16 kwa kila 100 walivilia damu nyingi, na katika walioendelea na warfarini yao kwa kipimo hawakufika 4. Basi kuacha au kuendelea ni neno la daktari, na mgonjwa amwambie kila anachotumia. Hapo tunakusudia pia habasoda, kitunguu saumu kinachomezwa kama dawa, na tangawizi ya kila siku, ambavyo wengi wetu hatuvihesabu kuwa dawa tunapoulizwa.

Kuhusu chuku, tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Hijama ina heshima yake katika dini na katika nyumba zetu, na makala haya hayakuja kuivunja. Ila mpiga chuku mwenye ilimu huuliza kwanza mgonjwa anatumia dawa gani na chini ya ngozi pana nini. Asiyeuliza, basi hata kwa maradhi mengine tusingemshauri mtu kumwendea.

Turudi kwa bi mkubwa. Daktari aliyemwona Mombasa alichukua kalamu akauzungushia uvimbe mstari, ili kesho ajue umekua au umesimama. Akampima damu, ikaonekana dawa imezidi kiwango, akaisimamisha kwa siku chache kisha akamrudishia kwa kipimo kidogo. Akamfunga bendeji ya kubana. Alimweleza kwamba kifuko hufunguliwa tena iwapo uvimbe unaendelea kukua, au ngozi imekaza mpaka damu haipiti, au maumivu yamekataa dawa, na kwamba hilo likihitajika hufanywa katika chumba cha upasuaji. Kwake halikuhitajika. Mstari wa kalamu haukupitwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kusubiri, na kusubiri huko ndiko bi mkubwa anakokutaja kama ugonjwa wenyewe. Zambarau iligeuka kuwa kijani, kijani kikawa manjano. Rangi ikashuka ubavuni na mkononi hadi kwenye kiwiko, familia ikashtuka upya, kumbe ni uzito tu wa damu kuteremka chini kadiri mwili unavyoifyonza. Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa nusu. Wiki ya saba akaweza kukipapasa kifaa chenyewe, pembe zake zote.

Maumivu alituliza kwa parasetamoli kwa kiasi alichoambiwa. Hili lataka kusisitizwa, kwa sababu madukani mtu akisema "naumwa" hupewa haraka diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzidisha kutoka damu, na kwa mwenye moyo dhaifu hujaza maji mwilini. Usiku alilala ameegemea mito mitatu. Mkanda wa sidiria, ambao hakuna daktari mwanamume aliyemtajia, ulipita juu ya mshono na kumchubua. Aliutilia kitambaa laini cha pamba, baadaye akaacha kuuvaa kabisa mpaka alipopona. Mkanda wa gari nao hupita pale pale kwa anayekaa upande ambao mkanda hutokea bega la kushoto, na taulo ndogo iliyokunjwa hutosha kuuzuia usisugue. Mkanda wenyewe usiachwe.

Kisha likaja bega. Alikuwa ameambiwa asiinue kiwiko juu ya bega kwa wiki sita, ili nyaya zipate kushika moyoni zisivutwe. Yeye, kwa maumivu na kwa woga, aliufunga mkono kwa leso shingoni usiku na mchana, na jamaa wakamsifu kwa utiifu. Wiki ya sita leso ilipofunguliwa, bega lilikuwa limekakamaa. Hakuweza kuchana nywele zake. Hakuweza kujitupia buibui kichwani. Mjukuu alimfunga vifungo.

Jambo hili huwapata wengi na hutajwa na wachache. Katazo la kuinua mkono halina maana ya kuufunga. Chini ya usawa wa bega mkono unatakiwa kutumika tangu siku za mwanzo: kula, kunawa, kukunja nguo nyepesi, kuuzungusha polepole. Bega lisilotumika huingia ugumu ndani ya wiki chache, na kuulegeza huchukua miezi. Bi mkubwa alifunzwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuinama akishika meza kwa mkono wa kulia, akauacha wa kushoto uning'inie na kubembea kama timazi ya saa. Baadaye, aliporuhusiwa, kutambaza vidole ukutani kwenda juu, na kila Jumatatu kutia alama ya penseli pale vilipofika. Alama zile bado zipo kwenye ukuta wa ua, karibu na mlango wa jikoni. Ilimchukua miezi mitatu kufika ya juu.

"Yale ya kwanza kila mtu aliyaona," asema. "Watu walikuja, wakalia. Haya ya bega nilikuwa peke yangu. Rangi imekwisha, wageni wamekwisha, mimi bado siwezi kuvaa nguo yangu."

Tumeulizwa mara kadhaa juu ya ibada za mtu katika hali hii. Kidonda cha kifuani hakipo katika viungo vya udhu, kwa hivyo udhu hauna tatizo maadamu maji hayatiririki kutoka shingoni. Kwenye josho, palipo pazima huoshwa na bendeji hupitishiwa mkono wa maji, na namna ya kuongeza tayamamu mtu amuulize shekhe wake. Anyanyuapo mikono kwa takbira, wa kushoto uishie pale daktari aliporuhusu. Kusujudu kwa kuegemea viganja huutia mkono uzito wa kifua kizima, na mwenye maumivu ana ruhusa ya kusali ameketi na kuashiria. Bi mkubwa alisali juu ya kiti kwa muda wa miezi miwili, na awali aliona haya mbele ya wajukuu. Dawa za Ramadhani zipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa za damu.

Na wageni nao wana adabu yao. Mgonjwa asivutwe mkono wa kushoto kwa kusalimiwa, wala asikumbatiwe kifua kwa kifua, wala asiombwe kufunua kidonda ili kila mmoja akitazame. Watoto wadogo wakae upande wa kulia.

Uvimbe ukishapungua, familia husahau, nako ni mapema mno. Maambukizi ya kifuko huweza kujitokeza baada ya wiki, baada ya miezi, na pengine hata baada ya mwaka. Yatafutwe haya: ngozi iliyopoa ikaanza tena kuwa nyekundu na ya moto, mshono uliofunga ukatoa maji au usaha, hata tone, homa na kitetemeshi bila sababu, ngozi inayozidi kuwa nyembamba na kushikamana na kifaa mpaka chuma kikakaribia kuonekana. Lolote katika hayo ni la kwenda hospitali siku hiyo, bila ya kupitia kwanza duka la dawa kununua vidonge vya siku tano. Vidonge hivyo hupunguza homa, hukausha usaha juu juu, na kuwafanya madaktari wasikione kijidudu katika damu wanapoipima, huku chini ya utando wake chenyewe kipo salama. Kizunguzungu cha zamani kikirudi, au kwikwi isiyokoma, hilo ni jambo jingine: yawezekana waya umesogea, na kipimo kifupi cha kifaa huonyesha.

Betri yenyewe, kwa kifaa cha kawaida, hudumu miaka kama minane hadi kumi na miwili, kisha kifuko hufunguliwa tena ili kifaa kibadilishwe. Atakayekifungua huenda akawa daktari mwingine, katika mji mwingine, na atahitaji kujua kwamba mara ya kwanza damu ilivilia. Kadi anayopewa mgonjwa huandikwa aina ya kifaa na nyaya; habari ya kuvilia haimo. Bi mkubwa huiweka kadi yake katika pochi pamoja na kitambulisho, na nyuma yake binti amebandika karatasi ndogo yenye tarehe ya uvimbe, jina la dawa ya damu, na kipimo alichokuwa akitumia siku ile.